Jirani Yangu Ni Yule Anayepokea Maji Yangu



Ukitaja Msimbazi na Jangwani mbele ya kijana wa Dar es Salaam, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni mpira. Msimbazi ni Simba, Jangwani ni Yanga, na hapo ubishi unaanza. Lakini kabla hayajawa majina ya kutaniana uwanjani, hayo ni majina ya mto na bonde lake. Msimbazi ni mto. Jangwani ni pale ambapo mto huo hutanuka unapokaribia bahari. Na masika yanapokolea, mashabiki wa timu zote mbili hukwama pamoja palepale: Barabara ya Morogoro imefungwa, mabasi ya mwendokasi yamesimama, na watu wa Kigogo na Mchikichini wanahamisha magodoro wakiwa wameyabeba kichwani.

Leo tuache mpira. Kuna swali ambalo limekuwa likinisumbua: mafuriko yanapomkuta mtu wa bondeni, ni nani anayewajibika mbele za Mungu? Swali hili linaonekana kama la wahandisi na wanasiasa. Mimi naona ni swali la dhamiri, na naamini Maandiko Matakatifu yana jibu lake. Tena ni jibu ambalo halimwachii mtu nafasi ya kukaa pembeni.

Tuanze na mto wenyewe

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Unatiririka takriban kilomita 35, unapita karibu na maeneo kama Kinyerezi, Vingunguti, Tabata na Kigogo, unapokea maji ya mito midogo kama Ubungo na Sinza, kisha unaingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Salenda. Wakatoliki tunaijua Pugu kwa sababu nyingine. Ndipo wamisionari Wabenedikto walipoweka misheni yao ya kwanza mwaka 1888, na ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha, katika shule iliyokuwa na jina la Mtakatifu Fransisko, yule aliyeyaita maji dada yake.

Sasa fikiria mvua. Ikinyesha msituni, matone hugonga majani kwanza, hushuka polepole, hukuta udongo wenye mizizi, majani makavu na mashimo ya wadudu. Sehemu kubwa hunywewa na ardhi, na baadaye hutoka taratibu kwenye chemchemi. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya bati na saruji, haina pa kuingia. Inakimbia.

Fanya hesabu ndogo, haihitaji digrii. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo nyumba yenye paa la mita za mraba 100, ikinyeshewa milimita 50, inamwaga lita 5,000. Hayo ni matangi matano ya lita elfu moja, kutoka kwenye nyumba moja ya kawaida, kwa mvua moja. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ya mwaka 2022 iliikuta na watu 5,383,728. Wameongezeka zaidi ya milioni moja katika miaka kumi, na kila mmoja wao anahitaji paa. Si dhambi kuwa na paa, jamani. Lakini maji ya paa lazima yaende mahali, na maji huenda chini.

Wakati huohuo, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi umeliwa kwa mkaa na mashamba. Watu wanachimba mchanga mtoni na kingo zinabomoka. Mchanga, tope na taka vinajaza tumbo la mto, na mikoko iliyopo kwenye mlango wake inakatwa na kusongwa na uchafu. Yaani tumeyaongeza maji, na palepale tumeyapunguzia nafasi. Desemba 2011 ilinyesha mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954. Watu takriban 40 walifariki, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande.

Majibu matatu ya haraka

Kila yanapotokea mafuriko, utasikia majibu matatu.

La kwanza: "Ni mapenzi ya Mungu." La pili: "Wamejitakia, si waliambiwa wahame?" La tatu: "Hiyo ni kazi ya serikali." Ukiyatazama vizuri, majibu haya matatu yanafanana kwa kitu kimoja. Kila moja linamwacha msemaji akiwa salama. Mungu ana lake, maskini ana lake, serikali ina lake. Mimi sina langu.

Yesu aliwahi kukabiliana na jambo la namna hii. Katika Luka 13 anazungumzia mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu kumi na wanane. Lilikuwa janga la mjini kabisa, jengo limeporomoka juu ya watu. Waliomsikiliza walielekea kudhani kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Yesu anakataa katakata. Kisha anawageukia waliokuwa wazima na kuwaita wao ndio watubu. Ajabu, si ndiyo? Maiti wako chini ya kifusi, na wito wa toba unawaendea waliosimama wakitazama.

Wengine hutumia mfano wa nyumba iliyojengwa juu ya mchanga kuwasema watu wa bondeni. Lakini soma tena Mathayo 7. Mpumbavu wa mfano ule ni mtu aliyesikia maneno ya Yesu asiyatende. Huyo anaweza kuwa anaishi mlimani kabisa, kwenye nyumba ya ghorofa.

Na hilo neno "wamejitakia" tuliangalie kwa haki. Ni kweli kuna waliohamishwa wakarudi. Ni kweli kuna wanaotupa taka mtoni, na kuna wanaouza viwanja bondeni wakijua fika kwamba ni njia ya maji. Hao wana la kujibu. Lakini mama anayeamka saa kumi usiku kuwahi mzigo wa mboga Kariakoo, akijumlisha nauli na kodi ya chumba, bonde ndipo mahali ambapo uwezo wake unafika. Hakuchagua kati ya bondeni na Masaki. Na yule aliyejenga juu akasakafia uwanja wote mpaka ukutani, hakuna aliyewahi kumwambia ahame, ingawa maji yake ndiyo yanayoingia chumbani kwa huyu mama.

Sheria ya ukingo wa dari

Kuna sheria moja katika Kumbukumbu la Torati 22:8 ambayo hatuisikii sana kwenye mahubiri. Musa anaagiza kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukingo kuzunguka dari yake. Nyumba za kule zilikuwa na dari bapa ambako watu walikaa na hata kulala. Pasipo ukingo mtu akianguka, damu yake ni juu ya nyumba hiyo.

Tulia kidogo na sheria hii. Mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Hakukusudia mabaya. Huenda aliyeanguka alikuwa mzembe mwenyewe. Bado Mungu anamwuliza mwenye nyumba, tena anamwuliza mapema, siku ya kujenga, kabla hajaanguka mtu yeyote. Maana yake ni kwamba nyumba ninayoijenga inaniwekea deni kwa mtu ambaye huenda simjui hata jina. Waisraeli walihitaji ukingo kwa sababu dari zao ziliangusha watu. Mapaa yetu yanaangusha maji. Ukingo wetu ni upi?

Nabii Ezekieli, sura ya 34, anakwenda mbali zaidi. Anawakemea kondoo wanene waliokunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, na kondoo wengine wakabaki kunywa tope. Nabii hakuwa mtaalamu wa mipango miji, lakini alijua kuna walio juu ya mto na walio chini yake, na kwamba Mungu anahukumu kati yao.

Ndiyo maana nimefika mahali pa kulisoma upya swali la yule mwanasheria katika Luka 10. Alitaka kujua jirani yake ni nani, yaani alitaka kuwekewa mpaka: hapa wajibu wangu unaishia. Yesu hakumpa mpaka, alimpa barabara inayoshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, na mtu aliyelala kando yake. Kwetu barabara hiyo ni mto. Unapita chini ya madaraja tunayovuka kila siku bila kutazama. Jirani yangu ni yule anayepokea maji yangu.

"Lakini tone langu ni dogo"

Najua pingamizi lake, kwa sababu ni la kweli. Hata nikiweka tangi, hata nikiacha uwanja wangu uwe na majani, Msimbazi hautajua. Lita zangu elfu tano ni nini mbele ya mto mzima?

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Sollicitudo Rei Socialis wa mwaka 1987, alizungumzia miundo ya dhambi. Alieleza kwamba miundo hiyo haidondoki kutoka hewani. Inajengwa na dhambi za watu binafsi zinazorundikana, mpaka uovu unakuwa desturi na hakuna anayejiona mhusika. Mafuriko ya mjini ni picha kamili ya fundisho hilo. Hakuna paa moja lililozamisha Jangwani. Mapaa yote yameizamisha, na kila moja linasema si mimi.

Hapa tutofautishe hatia na wajibu. Simwiti mwenye bati muuaji. Hatia inauliza nani alikosa jana. Wajibu unauliza nani anaweza kufanya kitu leo. Na wajibu hauko sawa kwa wote. Mwenye kiwanda, mwenye eneo kubwa la kuegesha magari, anayesaini vibali vya ujenzi, hao wana mzigo mkubwa kuliko mpangaji wa chumba kimoja. Tusikubali kuambiwa kwamba tukiokota chupa tumemaliza, wakati wenye uwezo hawaulizwi. Lakini pia tusitumie ukubwa wa mzigo wao kujifichia. Tunapopiga vifua mwanzoni mwa Misa, tunaungama pia yale ambayo hatukuyafanya.

Kuyarudishia maji nafasi yake

Habari njema ni kwamba Muumba alishaweka kazini watumishi wa maji kabla sisi hatujaanza kumwaga zege. Msitu wa mlimani unapunguza mwendo wa mvua. Nyasi, matete na mianzi kwenye kingo vinashika udongo. Bonde lililoachwa wazi hupokea maji ya ziada kwa siku chache, kisha huyaachia. Mikoko hushika tope na kupunguza nguvu ya mawimbi, na samaki wadogo hukulia kwenye mizizi yake. Siku hizi wataalamu wanaiita suluhisho zinazotegemea asili. Babu zetu waliliacha bonde kwa mpunga na mbogamboga, wakajenga juu.

Majirani zetu wa Beira, Msumbiji, wamejaribu. Sehemu kubwa ya jiji hilo iko chini sana, karibu sawa na bahari, na mto Chiveve unaopita katikati yake ulikuwa umezibwa na tope na taka. Waliufukua, wakajenga lango la kudhibiti maji ya bahari, wakapanda tena mikoko, na kando yake wakatengeneza bustani ya watu wote. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira vibaya sana. Hakuna mkoko unaoweza kuzuia kimbunga kama kile, na tusidanganyane kwamba miti inafanya kila kitu. Mitaro inahitajika, madaraja yanahitajika, kuzoa taka kunahitajika. Ila mto uliofunguliwa unayapa maji njia ya kurudi baharini, na hilo si dogo.

Hapa kwetu, serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022 inatekeleza mradi wa bonde la Msimbazi: kuupa mto nafasi, kuinua daraja la Jangwani, na sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Ni jambo la kuombea lifanikiwe.

Lakini nani anahama?

Hapa ndipo swali langu linapokuwa gumu. Kuupa mto nafasi yake ina maana kuna watu wanaondoka. Na wanaoondoka karibu daima ni walewale. Nairobi, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, nyumba za kando ya mto kule Mathare zilibomolewa. Tarehe 10 Mei mwaka huohuo ilitangazwa mapumziko ya kitaifa ili watu wawakumbuke waliokufa na kupanda miti. Sipingi kupanda miti, wala sisemi watu waachwe wafie mtoni. Nauliza tu: inawezekana tukawa na kingo za kijani kibichi na bado tukawa tumetenda dhambi?

Nadhani inawezekana. Hayati Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alikataa kutenganisha mambo haya mawili. Kwake hakuna tatizo la mazingira upande huu na tatizo la maskini upande ule. Ni jeraha moja. Bustani nzuri iliyojengwa kwa kumfukuza mtu bila fidia ya haki, bila kumsikiliza, na kumpeleka mahali pasipo shule, zahanati wala usafiri wa kumfikisha kazini, haijaponya jeraha hilo. Imelihamishia mahali tusipoliona.

Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1958 kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wanadamu, akapinga kuifanya bidhaa ya wenye fedha. Sura ya 25 ya Walawi inasema mambo mawili pamoja: ardhi iachwe ipumzike, na aliyepoteza ardhi yake arudishiwe. Tunapenda kuchukua moja na kuacha la pili. Mwenye kupenda miti anachukua pumziko la ardhi, mwenye kupenda watu anachukua haki ya aliyepoteza. Mungu aliyaweka kwenye sura moja.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: gharama ya kuuponya mto isilipwe na mtu wa bondeni peke yake. Kama yeye anaacha nyumba, mimi wa juu naacha nini? Nikijibu "sina cha kuacha," basi bado nawaza kama yule kuhani aliyepita upande wa pili wa njia.

Sisi vijana tuanzie wapi?

Tuanzie nyumbani kwetu, yaani parokiani. Kanisa lina mapaa makubwa na viwanja vikubwa. Ukumbi wenye paa la mita za mraba 500, kwa mvua ileile ya milimita 50, unamwaga lita 25,000. Kabla hatujachanga fedha za kusakafia uwanja mzima wa kanisa ili upendeze siku ya Kipaimara, tumwombe Paroko na Halmashauri ya Walei tujadili: gata na tangi ziwekwe, sehemu ya uwanja ibaki udongo na majani, na maji yanayozidi yaelekezwe kwenye bustani kabla ya kutoka getini.

Tukipanda miti, tuulize kwanza nani ataimwagilia mwezi wa Agosti. Tumezoea fulana, picha, na mche unaokufa baada ya wiki tatu. Bora miti kumi yenye Jumuiya Ndogo Ndogo zilizotajwa kwa majina kuitunza, kuliko mia mbili ya kupigia picha. Tukitaka kupanda mikoko, tusiende kuchomeka popote. Mikoko ni msitu wa hifadhi. Tuwaone wahusika wa misitu watuonyeshe aina ipi na wapi.

Na jambo moja ambalo ningependa VIWAWA na TYCS wajaribu: parokia ya juu ya mto ishikane mkono na parokia ya chini. Vijana wa Pugu na Kinyerezi wawatembelee wenzao wanaoishi karibu na Jangwani, wasali pamoja, watembee kando ya mto, wasikilize. Ukishamjua kwa jina mtu anayepokea maji yako, mvua ikinyesha usiku hutalala vilevile.

Nabii Ezekieli, sura ya 47, aliona maji yakitoka hekaluni na kushuka kuelekea bondeni. Kila yalipofika palikuwa na uzima, samaki wengi, na miti kwenye kingo zote mbili. Kila masika, maji hutoka pia kwenye milango ya makanisa yetu na kushuka bondeni. Yanapeleka nini?

Maswali ya kutafakari

1. Maji ya nyumba yetu na ya parokia yetu yanaelekea wapi? Nani anaishi huko?
2. Nimewahi kusema "wamejitakia" juu ya nani? Nilijua nini kuhusu maisha yake?
3. Mbele ya sakramenti ya Kitubio, kuna jambo gani la kumlinda jirani ambalo naweza kulifanya na silifanyi?

Tusali

Ee Mungu Baba, uliyetenganisha maji na nchi kavu na kukipa kila kimoja mahali pake, utufundishe kuheshimu mipaka uliyoiweka. Uwapokee waliochukuliwa na mafuriko, uwafariji waliopoteza nyumba, na uwape hekima na haki wanaopanga miji yetu. Utupe macho ya kumwona jirani aliye chini yetu, na mikono ya kufanya kitu kabla hajaanguka. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.